Umeacha bugali, usiache maharagi

Ndugu wasomaji na wasikilizaji wetu wa Butembo, Beni, Oicha na Lubero, leo ninaomba tuzungumze kuhusu boksi moja dogo ambalo siku hizi linaonekana sana mikononi mwa watu. Ni boksi la vidonge vya magnesiamu. Linauzwa farmasini, linauzwa na vijana wanaotembeza dawa kwenye mifuko, na linasifiwa katika sauti za WhatsApp zinazotoka mbali na kuzunguka kutoka simu hadi simu. Wanaolinunua zaidi ni watu wenye ugonjwa wa sukari, wenye tansio, na wale wanaotaka kupunguza uzito. Wote hao wameambiwa jambo moja: acheni bugali.

Habari zinakwenda hivi. Mgonjwa anapimwa, sukari inaonekana iko juu. Anaambiwa apunguze bugali, wali, viazi na ndizi za kupika. Anarudi nyumbani, anaacha. Baada ya siku chache anasikia kizunguzungu, uchovu, misuli ya miguu inakaza usiku. Anauliza jirani, na jirani amesikia katika simu kwamba mtu akiacha wanga anapungukiwa magnesiamu. Kesho yake pesa ya chakula inageuka kuwa pesa ya vidonge.

Maoni yangu ni haya, na nitayaeleza polepole: kumwambia mgonjwa "acha bugali" bila kumwambia atakula nini mahali pake ni kumpa nusu ya shauri. Nusu ile nyingine inajazwa na muuzaji. Na katika mji wetu, mtu anayesukumwa kununua boksi lile mara nyingi ndiye ambaye linaweza kumletea hatari zaidi.

Magnesiamu ni nini na kwa nini inatajwa

Magnesiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji kila siku ili misuli ikaze na kulegea, mishipa ya fahamu ipeleke habari, na moyo upige sawasawa. Sehemu kubwa inakaa katika mifupa. Mwanamke mzima anahitaji kama miligramu 300 hivi kwa siku, mwanaume kati ya 350 na 420, kwa kuwa wataalamu wa Ulaya na wa Marekani hawatoi hesabu moja. Kiasi hicho kinapatikana katika chakula cha kawaida, kama chakula kipo.

Wanaosema kwamba mtu aliyeacha wanga anaweza kupoteza madini hawasemi uongo. Mtu anapopunguza wanga ghafula, homoni ya insulini inashuka mwilini, na figo zinaanza kutoa maji na chumvi nyingi kuliko kawaida. Ndiyo maana siku za kwanza mtu anakojoa sana, uzito unashuka haraka, kichwa kinauma na miguu inalegea. Mara nyingi kinachopungua hapo kwanza ni maji na chumvi ya kawaida.

Kuna jambo la pili. Mwenye ugonjwa wa sukari ambaye sukari yake haijatulia anapoteza magnesiamu katika mkojo, hata kama hajaacha bugali. Na dawa kadhaa za tansio, zile zinazomfanya mtu akojoe, kama furosemide, nazo zinatoa magnesiamu. Kwa hiyo upungufu unaweza kuwapo kweli. Lakini dawa yake ya kwanza ni kuituliza sukari yenyewe. Ukiongeza vidonge huku sukari iko juu, ni kama kumwaga maji katika ndoo iliyotoboka.

Bugali haikuwa na magnesiamu nyingi

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Muhogo una magnesiamu kidogo. Gramu 100 za muhogo mbichi zina kama miligramu 20 tu. Wali mweupe nao una kidogo. Mtu aliyeacha bugali ya mihogo hajaacha chanzo kikubwa cha madini hayo. Kilichomwangusha ni kwamba ameacha pamoja na bugali vile vitu vilivyokuwa vinakaa kando yake.

Maana sisi tunakulaje? Bugali iko katikati, sombe kando, maharagi kando. Ukiondoa bugali, hata hamu ya maharagi inaondoka. Wengine wanaambiwa kwamba maharagi pia ni wanga, basi wanayaacha kwa makusudi. Wanabaki na kipande cha samaki au nyama siku zile pesa iko, na chai isiyo na sukari siku zile pesa haiko. Hapo mwili lazima ulalamike.

Maharagi yana wanga, ni kweli, lakini yana nyuzinyuzi nyingi na protini, na yanapandisha sukari polepole sana kuliko bugali. Mgonjwa wa sukari hakatazwi maharagi. Anatakiwa kuyala kwa kiasi, yakiwa ndiyo chakula chenyewe, si mchuzi wa kusukumia mlima wa bugali.

Tuangalie sahani kwa hesabu. Gramu 100 za maharagi yaliyoiva zinatoa kati ya miligramu 40 na 70 za magnesiamu, kufuatana na aina. Gramu 100 za lenga-lenga iliyopikwa zinatoa kama 55. Kalanga, gramu 100, kama 170, maana yake konzi moja ya gramu 30 inakupa 50. Avoka moja ya kawaida inatoa kama 40. Mbegu za maboga, ambazo wengi wetu tunazitupa, zinapita zote hizo: gramu 100 zinazidi miligramu 500, na vijiko viwili tu vilivyojaa vinaweza kukupa 100.

Sasa jumlisha. Sahani mbili ndogo za maharagi kwa siku, lenga-lenga ya kutosha, konzi ya kalanga, avoka moja, na vijiko viwili vya mbegu za maboga zilizokaangwa bila mafuta. Umefika au umepita miligramu 300. Hakuna boksi hapo. Hakuna bugali pia. Na vyote hivyo vinaota katika ardhi yetu, kuanzia milima ya Lubero hadi bonde la Semuliki.

Kuna jambo lingine ambalo linanifanya nitikise kichwa. Beni ni nchi ya kakao. Magunia yanatoka Mbau, Oicha na Mutwanga, yanavuka mpaka, yanakwenda ng'ambo. Unga wa kakao usiotiwa sukari una magnesiamu kama miligramu 500 kwa gramu 100, karibu sawa na mbegu za maboga. Tunauza magunia ya madini haya kwa kilo, watu wanaumizana kwa ajili ya mashamba yake, kisha tunarudi kuyanunua kwa kidonge kimoja kimoja kutoka nchi nyingine. Sisemi kila mtu aanze kunywa kakao. Ninasema tujue tulicho nacho kabla ya kulipa.

Kwa familia zilizokimbia

Ninajua kuna mtu anayesoma maneno haya akiwa chini ya hema au katika nyumba ya jamaa, na anasema: mwandishi, wewe unazungumza kuhusu kuchagua. Sisi hatuchagui. Ana haki. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika eneo la Beni yamewatoa watu katika mashamba yao mara nyingi kiasi kwamba wengine hawahesabu tena. Na tangu Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa M23 mwezi wa Juni 2024, familia nyingi zilipanda kuelekea Lubero na Butembo na vitu walivyoweza kubeba kichwani. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Aliyekimbia anakula alichopewa.

Lakini ugonjwa wa sukari haubaki nyuma kijijini. Unakimbia pamoja na mtu. Na mahali pa kukimbilia ndipo shauri la nusu linapoumiza zaidi. Mama mwenye sukari aliyepewa unga anaambiwa asile unga. Basi ale nini?

Mgao wa chakula wa PAM kwa kawaida huwa na unga, maharagi au mbaazi, mafuta na chumvi. Katika vyote hivyo, maharagi ndiyo yanayouzwa kwanza sokoni, kwa sababu yana bei, na familia inahitaji sabuni, kuni na pesa ya shule. Simlaumu anayeuza. Ninaomba tu, kama katika nyumba kuna mgonjwa wa sukari, fungu lake la maharagi lisiuzwe. Mpunguzie unga, mwongezee maharagi, na watoto wapate sehemu kubwa ya unga. Ni mgao uleule, umegawanywa kwa akili. Lenga-lenga inaota haraka hata katika kipande kidogo cha ardhi kando ya nyumba au katika gunia lenye udongo. Baada ya majuma machache unaanza kuchuma.

Kwa watoto, neno langu ni fupi: usimpe mtoto kidonge cha magnesiamu cha mtu mzima, hata nusu. Mtoto mwenye utapiamlo mkali ni kweli anapungukiwa magnesiamu, na ndiyo maana madini hayo yamewekwa tayari, kwa kipimo, katika maziwa ya matibabu na katika zile pakiti za kalanga ambazo kituo cha afya kinatoa bila malipo. Mtoto yule hahitaji boksi la farmasi. Anahitaji kupelekwa kituoni, na pakiti zake ziliwe na yeye mwenyewe, zisiishie sokoni.

Kama ni lazima kununua

Sikatai kwamba kuna watu wanaohitaji vidonge. Munganga anaweza kuona kwamba mtu amehara muda mrefu, au anatumia dawa inayotoa madini, au amepimwa na kukutwa na upungufu. Kwa mtu kama huyo, yafuatayo yanaweza kumsaidia asitupe pesa yake.

Kwanza, soma aina. Mabokisi mengi ya bei nafuu yameandikwa kwa Kifaransa "oxyde de magnésium". Oksidi ina magnesiamu nyingi kwa uzito, lakini mwili unachukua sehemu ndogo, na inayobaki tumboni inaharisha. Sitrati, kloridi na laktati zinaingia mwilini vizuri zaidi. Na kuna haidroksidi, ile iliyomo katika dawa nyingi za kiungulia na za kulainisha tumbo. Mtu anayekunywa dawa ya kiungulia kila siku tayari anakunywa magnesiamu bila kujua.

Pili, soma hesabu vizuri. Miligramu 400 za oksidi ya magnesiamu si miligramu 400 za magnesiamu. Magnesiamu yenyewe humo ni kama 240. Katika sitrati, ni kama sehemu moja tu kati ya sita. Boksi nzuri inaandika kiasi cha magnesiamu yenyewe peke yake. Boksi isiyoandika hivyo, isiyo na tarehe ya mwisho, isiyo na jina la kiwanda, au vidonge vinavyohesabiwa kutoka kopo na kutiwa katika karatasi, iache hapo ilipo.

Tatu, usizidishe. Wataalamu wa Ulaya wanaweka kikomo cha miligramu 250 kwa siku kutoka vidonge, wa Marekani 350. Hiyo ni juu ya chakula. Anza na kidogo, kunywa pamoja na chakula, ugawe mara mbili kama kidonge ni kikubwa. Ukianza kuhara, punguza au acha. Na katika sehemu zetu, kuhara si jambo la kuchezea. Pale wakimbizi wanapoishi wengi na maji ni shida, kipindupindu kinajua njia. Mtu akihara maji mengi asiseme "ni zile vidonge tu" na kulala. Aende kituoni siku ileile.

Nne, usitarajie muujiza. Watu wengi wananunua kwa sababu ya misuli inayokaza usiku. Watafiti wa Cochrane waliokusanya majaribio yaliyofanywa kwa wazee waliona kwamba magnesiamu haielekei kuwasaidia kwa jambo hilo. Mara nyingi maji ya kutosha, kunyoosha misuli kabla ya kulala na kuangalia upya dawa unazotumia vinafanya kazi zaidi.

Na hapa kuna hatari isiyopigiwa kelele. Mgonjwa wa sukari anayesikia ganzi, kuchomachoma au moto katika nyayo, mara nyingi ni mishipa ya fahamu inayoharibiwa na sukari. Si upungufu wa magnesiamu. Akikaa miezi sita akinywa vidonge huku sukari iko juu, siku moja atakanyaga msumari asisikie, kidonda kitaoza, na tutazungumza kuhusu kukata mguu. Boksi lile halimwui mtu huyu. Linamchelewesha, na kuchelewa ndiko kunakomkata mguu.

Wasioruhusiwa kununua bila kumuuliza munganga

Sehemu hii ninaomba hata asiyesoma asomewe na mtu.

Wa kwanza ni mwenye figo mbovu. Figo nzima zinatoa magnesiamu iliyozidi kwa mkojo. Figo zilizochoka haziwezi, na madini yanajikusanya katika damu: mtu analegea, anatapika, presha inashuka, pumzi inapungua, na moyo unaweza kusimama. Sasa kumbukeni kwamba ugonjwa wa sukari na tansio ndiyo mambo makubwa yanayoharibu figo duniani, tena kimya kimya, bila maumivu. Kwa hiyo wale wale ambao boksi hili linatafuta kuwauzia ndio ambao figo zao zinatakiwa kupimwa kwanza. Ndiyo sababu nilisema mwanzoni kwamba mnunuzi mkubwa ndiye mwenye hatari kubwa.

Wa pili ni anayetumia dawa za SIDA. Dawa inayotolewa kwa wengi leo ina dolutegravir ndani yake. Magnesiamu inaishika dawa hiyo tumboni na kuizuia kuingia katika damu. Mtu anakunywa dawa yake kwa uaminifu kila siku, lakini virusi vinaendelea kuamka. Sheria yake ni kunywa dolutegravir masaa 2 kabla ya magnesiamu, au masaa 6 baadaye. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu ziko chini ya sheria hiyohiyo. Watu wengi wanaficha kwamba wanatumia dawa za SIDA, na muuzaji hawezi kujua. Basi wewe mwenyewe ujue. Mwulize muuguzi anayekupa dawa, yeye hana haja ya kukuambia mbele ya watu.

Wa tatu ni anayekunywa antibiotiki kama doxycycline, ciprofloxacin au levofloxacin, ile ya mwisho ikiwa pia dawa ya kifua kikuu sugu. Jambo ni lilelile: magnesiamu inaishika dawa na kuipunguza nguvu. Ziachanishe kwa masaa, kwa maelekezo ya aliyekuandikia.

Wa nne ni mama mwenye mimba. Magnesiamu inajulikana sana katika maternite, na kwa haki. Sulfati ya magnesiamu, ile ya sindano, inazuia kifafa cha mimba. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2002, lililowashirikisha wanawake 10,000 hivi katika nchi 33, lilionyesha kwamba inapunguza hatari hiyo kwa nusu. Lakini ile ni sindano ya hospitali, inayotolewa huku pumzi na mkojo wa mama vikiangaliwa. Mama mwenye mimba anayeumwa kichwa sana, anayeona ukungu machoni au aliyevimba uso asinunue kidonge. Akimbilie maternite.

Wa tano ni mwenye sukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenclamide. Kwake hatari ya kwanza si magnesiamu, ni kuacha bugali ghafula huku dawa inaendelea kwa kipimo kilekile. Dawa ile ilipimwa kwa mtu anayekula. Usipokula, sukari inashuka mno: jasho, kutetemeka, njaa kali, maneno kuchanganyika, kuanguka. Wengine wanafikiri ni upungufu wa madini, wanameza kidonge cha magnesiamu, wakati walihitaji maji yenye sukari mara moja. Unapobadilisha sahani, muuguzi abadilishe kipimo. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja.

Ninachoomba

Miji yetu hii miwili ilipita katika Ebola kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020. Zaidi ya watu 2,200 walikufa. Kati ya mambo tuliyojifunza kwa gharama kubwa ni kwamba neno lisilo na mwenyewe, linalozunguka katika simu, linaweza kuua kama ugonjwa wenyewe. Tulijifunza pia upande wa pili: watu wanakwenda kwenye uvumi pale ambapo wenye ujuzi hawajawaeleza vizuri. Boksi la magnesiamu ni jambo dogo kando ya Ebola. Lakini njia linayopita kuingia nyumbani ni ileile.

Kwa hiyo kwa wauguzi na waganga wetu, ambao ninajua wanaona wagonjwa wengi na muda ni mfupi, ninaomba dakika 2 zaidi. Msimwambie mtu aache bugali tu. Mwambieni ale nini, kwa majina ya vyakula vya soko la Kilokwa na vya soko kuu la Butembo, si kwa majina ya vyakula vya kitabu. Kama amekimbia vita, mwulizeni kwanza anakula nini leo.

Kwa wenye farmasi, maswali matatu kabla ya kuuza: una ugonjwa wa figo, unatumia dawa gani nyingine, una mimba? Asiyejua hali ya figo zake na ana sukari au tansio, mtumeni kupimwa kabla hamjachukua pesa yake. Mtapoteza franka kidogo leo, lakini mteja atarudi akiwa mzima.

Kwa mashirika yanayogawa chakula, wahesabuni wagonjwa wa sukari waliomo kati ya wakimbizi, na muwafikirie katika mgao: unga kidogo, maharagi zaidi. Tunaona juhudi kubwa kwa watoto na kwa akina mama wenye mimba, na hiyo ni haki. Lakini baba mwenye umri wa miaka 55 aliyekimbia na insulini yake ikaisha njiani haonekani katika orodha yoyote.

Kwa serikali na kwa ACOREP, mamlaka inayosimamia dawa katika nchi yetu, vidonge vinavyotembezwa katika mifuko chini ya jua si biashara ndogo ya kufumbia macho. Magnesiamu iko pale leo kando ya antibiotiki na dawa za kulala.

Na kwako wewe mwenye sukari, mwenye tansio, au unayetaka kupunguza tumbo: hakuna aliyekosea kwa kutaka kupona. Kupunguza bugali kunaweza kukusaidia kweli. Ila kabla ya kufungua mfuko wa pesa, fanya mambo matatu juma hili. Nenda upimwe sukari na figo. Mwonyeshe muuguzi dawa zako zote, hata ya kiungulia, hata ile unayoificha. Kisha chukua pesa iliyokuwa ya boksi, ununue maharagi, kalanga na lenga-lenga, na usitupe tena mbegu za maboga.